Kasa, popo na mkono wa Zaituni

*Swali: Mtaalamu, shikamoo. Binti yangu Zaituni yuko kidato cha kwanza. Amepewa zoezi la kulinganisha kasa na popo. Ameandika kwamba kasa ni amfibia kwa sababu anaishi majini na nchi kavu, na popo ni ndege kwa sababu anaruka. Mwalimu amemkata yote mawili. Babu yake naye kaingilia, anasema kasa anawajua vizuri kwa sababu amewanasa mara nyingi hapa ziwani. Nani mkweli? Na kuna maana gani kulinganisha wanyama wawili ambao hawakutani hata siku moja? Halafu mwembe wetu umevamiwa na popo, maembe yanaisha. Jirani ananishauri niwafukize moshi. Nifanyeje? — Baba Zaituni, Ujiji*

Marahaba, Baba Zaituni. Nianze na mzee, maana naona ndiye aliyeachwa njia panda. Babu hasemi uongo. Alichokinasa ni mnyama wa kweli mwenye gamba, amemtoa kwenye wavu kwa mikono yake, na mimi niliye huku Tabora sina ubavu wa kumwambia hakumwona. Kilichoteleza ni jina tu. Yule ni kobe wa maji baridi, ambaye huku bara wengi wetu tunamwita kasa kwa kuwa tumemkuta akiogelea. Kasa mwenyewe ni wa baharini, na kutoka kwenu hadi bahari ilipo ni reli ya kilomita 1,250 hivi.

Babu akimnasa tena, kabla hajamrudisha ziwani amtazame miguu na shingo. Kobe wa maji baridi ana miguu kweli, yenye vidole unavyoweza kuvihesabu, kucha kali, na utando katikati kama wa bata. Ukimtisha hukunja shingo pembeni na kukilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba, kama mtu anayelalia bega lake. Wengine wana bawaba kwenye gamba la tumboni: sehemu ya mbele inainuka na kufunga kama mlango. Kasa hayuko hivyo. Kichwa chake hakiingii ndani hata umfanye nini, na mahali pa miguu ana mapezi.

Duniani kuna aina saba za kasa, na tano huonekana katika bahari ya Tanzania. Watu wa pwani wana jina la kila mmoja: kuna kasa wa kawaida anayekula majani ya baharini, ng'amba mwenye mdomo kama wa kasuku na magamba ya urembo yaliyomponza, duvi mwenye kichwa kikubwa, noa ambaye mgongoni hana magamba bali ngozi nene kama mpira, na kigome. Huyo wa mwisho msimdai, hana undugu na Kigoma.

Sasa Zaituni. Kosa lake la kwanza nimelipigia kalamu nyekundu tangu nilipoanza kufundisha baiolojia, na sijawahi kuliona kuwa kosa la uvivu. Daftari linasema amfibia ni mnyama anayeishi majini na nchi kavu. Mtoto anaigeuza sentensi, anasema kila aishiye majini na nchi kavu ni amfibia. Kwa hesabu hiyo mvuvi wa dagaa wa Kibirizi naye ni amfibia: usiku yuko majini, mchana kalala nchi kavu.

Amfibia hasa ni chura. Mayai yake hayana ganda na huyataga majini. Mtoto wake huanza kama kiluwiluwi anayepumua majini, kisha hugeuka umbo. Ngozi yake lazima iwe na unyevu. Kasa ni kinyume chake karibu kila mahali. Ana ngozi ya magamba, anapumua kwa mapafu tangu siku anayoanguliwa, na mayai yake yana ganda. Yakifunikwa na maji muda mrefu, vitoto hufa ndani kwa kukosa hewa. Ndiyo maana mnyama anayeishi maisha yake yote baharini hulazimika kujikokota hadi mchangani kutaga. Ni reptilia, kundi moja na mamba na mjusi.

Popo ameponzwa na mabawa. Iko ile hadithi ya vita vya ndege na wanyama, popo akihamia kila mara upande unaoshinda mpaka akakataliwa kote kote na kuamua kutoka usiku tu. Hadithi tamu, lakini kambi yake inajulikana. Ana nywele mwilini, ana meno, ana masikio ya nje, anazaa mtoto hai na kumnyonyesha. Chuchu za jike ziko kifuani, karibu na kwapa. Huyo ni mamalia, na si mamalia wa pembeni: popo wako zaidi ya aina 1,400, karibu aina moja katika kila tano za mamalia wote duniani.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike kirefu. Kuna maana gani kuwalinganisha? Mwite Zaituni, aweke mkono wake juu ya meza, kiganja chini, vidole vimetanuliwa. Aanzie begani. Hadi kwenye kiwiko kuna mfupa mmoja. Kutoka kiwiko kwenda mbele kuna miwili. Kwenye kifundo kuna vijifupa vingi vidogo. Kisha kiganja, kisha vidole vitano. Mmoja, miwili, vingi, vitano. Akariri hivyo hivyo.

Pezi la mbele la kasa kwa nje ni kafi tupu, ungeapa halina kidole. Niliwahi kuliona limekauka, mifupa yake imepangwa juu ya meza ya maabara kwa mpangilio wake wa asili. Nikahesabu kwa ncha ya penseli: mmoja, miwili, vingi, vitano. Ule wa juu ni mfupi na mnene. Vidole ndivyo vilivyorefushwa, kisha vikafungwa pamoja ndani ya ngozi ngumu, kama mtu aliyevaa soksi mkononi. Kilichobaki nje ni ukucha mmoja au mbili zinazochungulia ukingoni.

Bawa la popo ni mkono uleule uliovutwa kwa namna nyingine. Kidole gumba kimeachwa huru, kifupi, chenye ukucha; ndicho anachokitumia kukwea matawini. Vidole vinne vilivyobaki vimerefuka na kuwa vyembamba kama njiti za mwavuli, na kati yake imetandazwa ngozi inayoshuka hadi ubavuni na mguuni. Ile miwili ya chini ya kiwiko bado ipo, ingawa mmoja umesinyaa. Ukimwona popo anakunja bawa, unaona mtu anafunga kiganja. Ndege naye ana mkono huohuo wa asili, ila vidole vyake vimepungua na kuungana, na bawa lake limejengwa kwa manyoya. Kwa hiyo bawa la ndege na la popo yamefanana kazi, ujenzi mbalimbali. Pezi la kasa na bawa la popo yametofautiana kazi kabisa, na mifupa ni ileile.

Hiyo ndiyo maana ya zoezi. Wanasayansi wanakadiria kwamba ukoo uliozaa reptilia na ule uliozaa mamalia ulitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na babu yao wa pamoja, mnyama mdogo wa nchi kavu, alikuwa na mkono wa vidole vitano. Wajukuu waligawana urithi. Mmoja alitengeneza kasia, mwingine bawa, na Zaituni ameshika kalamu.

Gamba nalo lina maajabu yake. Watu hudhani ni nyumba anayoibeba mgongoni, kama kwamba ungeweza kumtoa ndani yake. Huwezi: gamba ni mbavu na uti wa mgongo vilivyotanuka na kuungana. China yamechimbwa mabaki ya jamaa wa kale wa kobe, wa miaka milioni 220 hivi iliyopita, mwenye gamba kamili tumboni, lakini mgongoni bado hana. Zaituni ajipapase nyuma ya bega: ule mfupa mpana uko nje ya mbavu. Kwa kasa na kobe uko ndani ya mbavu, jambo usilolikuta kwa mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo. Na kwa kuwa mbavu hazipanuki, huvuta pumzi kwa misuli ya ndani inayoyasukuma na kuyaachia mapafu. Popo kachagua upande mwingine: kila kitu chepesi. Kasa wa kawaida mzima ana kilo 100 hadi 200. Popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, ambaye bila shaka ndiye mgeni wa mwembe wako, ana gramu 300 hivi. Hao ni popo 500 kwa kasa mmoja wa kilo 150.

Mengine nitayapitia haraka, Zaituni atayaweka kwenye jedwali. Damu ya kasa hufuata joto la maji, ya popo hujitengenezea joto lake. Moyo wa kasa una vyumba vitatu, wa popo vinne. Kasa akilala chini ya maji hupunguza mapigo ya moyo na kukaa saa kadhaa bila kuvuta hewa. Popo akiruka moyo wake hupiga mamia ya mara kwa dakika. Mahali pa kuangalia ni hili: si kila popo anaona kwa mwangwi. Wale wadogo wa darini, wanaokula wadudu, ndio hupiga sauti kali tusizozisikia na kusikiliza zinavyorudi. Wengi wa popo wakubwa wa matunda hutumia macho na pua. Popo kipofu hayupo, huo ni usemi tu.

Kwenye kuzaa ndipo wanapoachana hasa, na hapa nikuombe uvumilivu.

Miaka ya nyuma nilikwenda Mafia kumwona kasa akitaga. Tulikaa kimya mchangani, bila tochi, hadi usiku mkubwa. Akatoka majini taratibu, akijivuta hatua tatu kisha akipumzika, pumzi yake ikisikika kama ya mtu aliyebeba gunia. Nchi kavu uzito wake wote humlalia mapafuni. Akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, kwa ustadi ambao hauutarajii kwa mnyama asiyeona anachokichimba. Mchanga ukanirukia hadi mdomoni. Mayai yakaanza kushuka, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini linalobonyea kidogo yakigongana. Hesabu ilinipotea baada ya mia. Machoni yalimtiririka machozi mazito. Mwenzangu akanong'ona, analia uchungu. Silo. Kasa ana tezi kando ya macho zinazotoa chumvi ya ziada mwilini, na hutiririka hivyo hata akiwa baharini, ila huko huoni. Nyie mliozoea chumvi ya Uvinza mngeionja mngeijua.

Alipomaliza akafukia, akasawazisha, akarudi baharini. Hakugeuka. Atarudi kutaga tena baada ya wiki mbili hivi, mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha atapumzika miaka miwili, mitatu au zaidi. Watoto hatawaona. Hata kuwa kwao jike au dume kunaamuliwa na mchanga: ukiwa na joto zaidi ya nyuzi 29 hivi hutoka majike wengi, ukipoa hutoka madume. Baada ya siku 50 hadi 60 wanaanguliwa, wanatoka usiku, na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari. Kukiwa na taa za hoteli nyuma yao, huzifuata hizo, kama dagaa wenu wanavyofuata karabai, na mwisho wao ni huohuo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika watoto elfu, anayefikia utu uzima ni mmoja. Na utu uzima wenyewe ni miaka 20, 30, hata zaidi.

Popo yule wa mwembe huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mmoja tu. Mama huruka naye amemng'ang'ania kifuani siku za mwanzo, humnyonyesha, na kumtambua kwa sauti na harufu katikati ya maelfu. Umbo lake ni kama la panya, uzazi wake ni kama wa ng'ombe. Wengi hawalifikirii hilo wanapochukua manati. Panya ukiua kumi, baada ya miezi miwili wamerudi. Popo ukiua jike mmoja mwenye mtoto, umewaua wawili, na pengo huzibwa kwa miaka.

Na ulisema hawakutani. Wanakutana Pemba. Kisiwa kile kina popo wake, asiyepatikana popote pengine duniani, mwenye mabawa yanayofikia mita moja na nusu yakitanuliwa, na kasa wako katika maji yanayokizunguka. Popo huyo mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wakaanza kuyalinda maficho yake, na ndani ya miaka 20 hivi wakahesabiwa zaidi ya 20,000. Inawezekana, ila huchukua muda.

Pemba hiyohiyo imetufundisha jambo chungu kuhusu kasa. Novemba 2021 watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja wakafariki kisiwa cha Panza. Nyama ya kasa, hasa ng'amba, huweza kuwa na sumu, inayodhaniwa hutokana na vyakula anavyokula. Kuchemsha hakuiondoi, na dawa yake haijulikani. Kasa mmoja huliwa salama, wa pili huua kijiji, na kwa macho huwatofautishi. Wanafamilia wanaosafiri kwenda pwani waambiwe.

Sasa mwembe. Huo moshi uuache. Nitakupa mfano wa karibu na sisi. Uganda, katika mgodi wa Kitaka, wachimbaji walipata homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua, mwaka 2007, na watu wakawaangamiza popo wa matunda wanaoishi mapangoni waliokuwemo. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena karibu na hapo, Ibanda. Popo walikuwa wamerejea mgodini, na walipopimwa, kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha mwanzo. Inadhaniwa kuwavuruga ndiko kulikowaleta popo wageni. Marburg imeshabisha hodi kwa majirani zenu wa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, kwa hiyo mzaha haufai. Popo wa mwembe wako ni wa aina nyingine na si yule wa mapangoni, lakini naye ana virusi vyake, kikiwamo jamaa wa kile cha kichaa cha mbwa. Ukiwafukiza wanatapakaa, wanakojoa ovyo, wachanga wanaanguka, na watoto wanakwenda kuwaokota.

Fanya hivi. Maembe yachume yakiwa yamepea ila hayajaiva, uyavundike ndani. Popo anafuata harufu ya lililoiva. Lililong'atwa lisiliwe na mtu, hata kwa kukata upande mzima. Kila asubuhi zoa yaliyoanguka pamoja na vile vidonge vikavu vya nyuzinyuzi utakavyovikuta chini: ni makapi, maana popo hulibana tunda kwenye kaakaa, hunywa maji yake na kutema kilichobaki. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaulize chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hasara ya maembe machache naijua, nami nina mwembe. Ila huyo mgeni hukaa kwako kwa msimu tu. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, mamilioni ya aina yake hukusanyika Kasanka, kaskazini mwa Zambia, kisha hutawanyika safari za zaidi ya kilomita elfu moja, wakidondosha njiani mbegu za mikuyu na mivule. Mitumbwi ya mvule imeanzia kwenye kinyesi cha nani, babu anaweza kukisia.

Kuhusu zoezi, Zaituni asifute alichoandika. Ukurasa unaofuata achore mikono mitatu sambamba: wake, pezi la kasa, bawa la popo. Mfupa wa juu aupake nyekundu, ile miwili bluu, vijifupa vya kifundo njano, vidole kijani. Rangi zilezile kwa wote watatu. Mwalimu akimkata na hiyo, nitumie daftari.